Hisa za Nishati na Pesa za Simu: Utafiti Unamwambia Nini Mwekaji Akiba?

 

Mhadhara huu unahusu nyanja mbili za utafiti ambazo mara chache husomwa pamoja. Ya kwanza huchunguza kinachopandisha na kushusha bei za hisa za kampuni za mafuta, gesi na umeme. Ya pili huchunguza sababu zinazowafanya watu wakubali au wakatae kuweka, kutuma na kukopa pesa kwa simu. Vyuoni, ya kwanza iko mikononi mwa wataalamu wa masoko ya fedha, na ya pili mikononi mwa wataalamu wa biashara na mifumo ya habari. Nje ya chuo nyanja hizi humkuta mtu mmoja. Mkazi wa Nairobi au Kisumu anayenunua umeme kwa simu asubuhi ndiye anayetumiwa ujumbe jioni, akihimizwa anunue hisa kwa simu hiyo hiyo.

Kusudi ni kutetea dai moja. Kanuni zilizopatikana katika masoko ya Marekani na Ulaya hazitoshi kueleza soko la Afrika Mashariki. Bei za hisa za nishati katika eneo hili husikiliza zaidi mdhibiti, mkataba na thamani ya shilingi kuliko bei ya pipa la mafuta. Matumizi ya pesa za simu nayo husikiliza ada, wakala na imani. Kabla mwekaji akiba mdogo hajaombwa shilingi yake, ana haki ya kuelezwa mambo haya. Hoja ni tano.

Kwanza: sababu ya mshtuko ni muhimu kuliko mshtuko wenyewe

Mwaka 1983 mwanauchumi wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba karibu kila mdororo wa uchumi uliotokea nchini mwake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, isipokuwa mmoja, ulitanguliwa na ongezeko kubwa la bei ya mafuta ghafi. Kuanzia hapo watafiti wengi wakajitosa kupima uhusiano wa mafuta na masoko ya hisa. Majibu yao hayakupatana. Wapo walioona kwamba mafuta yakipanda hisa hushuka. Wengine hawakuona uhusiano wowote wa maana.

Ufafanuzi ulikuja mwaka 2009, Lutz Kilian na Cheolbeom Park walipobadilisha swali. Badala ya kuuliza mafuta yamepanda kwa kiasi gani, waliuliza yamepanda kwa nini. Bei ikipanda kwa sababu viwanda vya dunia vina kazi nyingi na vinahitaji nishati, hisa kwa jumla zinaweza kupanda pamoja nayo kwa muda. Ikipanda kwa sababu watu wanaogopa kwamba mafuta yatakuja kuadimika, hisa hushuka. Pipa ni lile lile na dola ni zile zile, ila maana kwa mwenye hisa ni nyingine kabisa.

Mifano miwili yatosha. Julai 2008 pipa lilikaribia dola 147. Kufikia Desemba mwaka huo huo, baada ya mabenki makubwa kuyumba na mahitaji kupungua, lilikuwa chini ya dola 40. Kisha ikaja Aprili 20, 2020, wakati wa janga la korona. Mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kupokelewa mwezi wa Mei ulifunga siku kwa bei ya dola 37.63 chini ya sifuri. Matangi ya Cushing, Oklahoma, ambako mafuta hayo hupokelewa, yalikuwa yakikaribia kujaa, na aliyeshika mkataba bila mahali pa kuyaweka alilazimika kumlipa mwingine ayachukue. Aliyetazama bei ya siku ile bila kujua habari ya matangi hakuelewa lolote.

Wanafunzi wa takwimu waliomo ukumbini watamkumbuka pia Robert Engle, ambaye mwaka 1982 alibuni njia ya kupima misukosuko ya bei, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2003. Funzo lake kwa mwekaji akiba ni la kutumika: siku za msukosuko hufuatana, na siku za utulivu nazo hufuatana. Anayenunua hisa za nishati katikati ya msukosuko asitarajie kesho kutulia.

Pili: hisa za nishati za Afrika Mashariki husikiliza mdhibiti, mkataba na shilingi

Mwaka 2006 serikali ya Kenya iliwauzia wananchi asilimia 30 ya KenGen, kampuni inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, kwa Sh11.90 kila hisa. Maombi yalizidi hisa zilizotolewa kwa zaidi ya mara tatu. Walimu, wakulima na wafanyabiashara ambao walikuwa hawajawahi kumwona dalali walipanga foleni na fomu mkononi, na siku ya kwanza ya mauzo bei ilipanda zaidi ya maradufu. Miaka 10 baadaye, mwaka 2016, KenGen ilipowauzia wenye hisa wake hisa mpya, bei ilikuwa Sh6.55. Mwanzoni mwa 2024 hisa hiyo ilikuwa chini ya Sh3.

Je, mafuta ndiyo yaliyoiangusha? Hapana. Kwa miaka mingi tegemeo la KenGen limekuwa maji ya mabwawa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Umeme huo huuzwa kwa kampuni ya usambazaji, Kenya Power, kwa mikataba ya miaka mingi ambayo bei zake hupitishwa na mdhibiti. Anayetaka kujua mustakabali wa hisa ya KenGen asome mikataba hiyo, mzigo wa madeni ya upanuzi, na uwezo wa mnunuzi kulipa kwa wakati.

Kenya Power yenyewe ni somo lililo wazi zaidi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 ilipata hasara ya zaidi ya Sh3 bilioni. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya takriban Sh30 bilioni. Kilichobadilika ni nini? Bei za umeme zilikuwa zimepitiwa upya mwaka 2023, na shilingi ya Kenya, iliyokuwa imedhoofika hadi karibu 160 kwa dola moja mwanzoni mwa 2024, ikaimarika hadi karibu 129. Kampuni yenye mikopo ya fedha za kigeni, inayowalipa baadhi ya wazalishaji kwa fedha za kigeni, hupumua mara moja shilingi inapopata nguvu. Hisa yake, iliyoanza 2024 chini ya Sh2, ilimaliza mwaka ikiwa imepita Sh4. Mtafiti aliyeweka bei ya pipa peke yake katika hesabu zake asingeuona ufufuo huo ukija.

Kampuni za vituo vya mafuta nazo zina sheria yake. Tangu Desemba 2010, bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa nchini Kenya hupangwa na serikali, na kila tarehe 14 ya mwezi wananchi husubiri tangazo la Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Faida ya muuzaji kwa kila lita imo ndani ya hesabu hiyo. Hisa za KenolKobil, moja ya kampuni hizo, nazo mwisho wake uliamuliwa na mnunuzi: kampuni ya Ufaransa, Rubis, ililipa Sh23 kwa kila hisa mwaka 2019, na jina hilo likaondoka sokoni.

Tukivuka mpaka, kuna kampuni ya Umeme ya Uganda. Iliuza hisa zake mwaka 2012 kwa shilingi 275 za Uganda, kisha ikaorodheshwa Nairobi pia. Biashara yake yote ilisimama juu ya mkataba wa miaka 20 wa kusambaza umeme, ulioisha Machi 31, 2025. Tarehe hiyo ilijulikana tangu siku ya kwanza. Mkataba ulipofika kikomo serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikadai zaidi, na mwenye hisa akabaki akifuatilia shauri la fidia. Ni wangapi kati ya walionunua walisoma ukurasa wenye tarehe hiyo? Swali hili linawahusu madalali mliopo hapa kuliko mtu mwingine yeyote.

Tatu: watu hukubali huduma ya simu kwa sababu za maisha, si za teknolojia

Mwaka 1989 Fred Davis alitoa nadharia ambayo hadi leo hujaza tasnifu za vyuo vingi: mtu huikubali teknolojia akiona kwamba ina manufaa na kwamba ni rahisi kuitumia. Nadharia hiyo imesaidia sana. Hata hivyo, ilizaliwa ofisini, miongoni mwa wafanyakazi na kompyuta zao. Pesa za simu zilizaliwa kwingine.

Majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa za simu, yalifanyika Kenya mwaka 2005, na nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho. Watu waliopewa huduma hiyo wakaitumia kwa mambo mengine: kutumiana pesa, kulipana, hata kujitumia wenyewe kabla ya safari ili wasibebe noti njiani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, waanzilishi walikuwa wamesikiliza, na ujumbe mkuu ukawa kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2006 ni asilimia 26.7 ya watu wazima wa Kenya waliokuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha. Kufikia 2024 walikuwa asilimia 84.8.

Nguzo ya ongezeko hilo ni wakala. Kibanda chake kina dirisha dogo, simu mbili tatu na daftari. Mteja anaonyesha kitambulisho, anataja kiasi, anabonyeza namba ya siri, kisha wote wawili wanasubiri ujumbe uingie kabla noti hazijahesabiwa. Wakala huyo anaishi kati ya keshi na floti, yaani salio lake la pesa za simu. Floti ikiisha hawezi kumwekea mtu pesa. Keshi ikiisha hawezi kumtolea. Mwishoni mwa mwezi, mishahara ikiingia na kila mtu akitaka kutoa, ndipo imani ya mtaa mzima inapopimwa, maana mteja akirudishwa mara mbili tatu, ya nne huenda kwingine au hurudi kuficha pesa nyumbani. Hakuna dodoso la manufaa na urahisi linalolinasa jambo hili lisipomuuliza wakala mwenyewe.

Ushahidi wa matokeo ni imara. William Jack na Tavneet Suri, waliozifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, walionyesha mwaka 2014 kwamba familia isiyotumia M-Pesa ikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hupungua kwa takriban asilimia 7, lakini ya familia inayotumia hayatetereki, kwa kuwa jamaa wa mbali huweza kutuma msaada. Mwaka 2016 walikadiria kwamba huduma hiyo imeziondoa katika umaskini kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi, na kuwawezesha wanawake 185,000 kuhama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara.

Ada nayo ina sauti kubwa. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi Sh1,000 kungekuwa bure, utaratibu uliodumu hadi mwisho wa mwaka huo, na matumizi yakaongezeka. Tanzania ilipata somo la upande wa pili: tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi walilalamika, wengi wakarudi kwenye fedha taslimu, na serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba, kisha ikaipunguza tena mwaka uliofuata.

Nne: nyanja hizi hukutana kwenye simu ya mnunuzi wa umeme

Fikiria tokeni. Mwenye mita ya kulipia kabla huko Kenya hutuma pesa kwa simu, akapokea ujumbe wenye namba ya tarakimu 20 na kuiingiza kwenye kibonyezo cha mita. Mwenzake wa Tanzania hufanya hivyo hivyo kwa mfumo wa LUKU. Atakayeusoma ujumbe wa Kenya hadi mwisho ataona kiasi alicholipa, kiasi kilichonunua umeme, na kiasi kilichokwenda kwenye makato mengine. Ndani ya makato hayo mna gharama ya mafuta yanayochomwa na mitambo ya dizeli, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, kodi na tozo. Mambo yaliyotajwa katika hoja ya pili, yale yanayoitikisa hisa ya Kenya Power, yamo katika ujumbe anaoufuta mteja mara taa ikiwaka.

Wapo waliojenga biashara nzima penye makutano haya. Nick Hughes, mmoja wa waasisi wa M-Pesa ndani ya kampuni ya simu ya Vodafone, alishiriki kuianzisha M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua Kenya mwaka 2012. Mteja alitoa malipo ya awali, kisha akalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa; kifaa kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na malipo yakikatika mwanga nao ulikatika. Familia iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa kwa kibaba iliweza kumiliki taa zake. Bila pesa za simu, gharama ya kukusanya malipo madogo kama hayo mlango kwa mlango ingeila biashara yote.

Makutano mengine hayakufana vile. Machi 2017 serikali ya Kenya ilizindua M-Akiba, hati fungani ya miundombinu iliyouzwa kwa simu, kuanzia Sh3,000 tu, kwa riba ya asilimia 10 isiyotozwa kodi. Toleo la kwanza, la Sh150 milioni, liliuzwa lote. Toleo kubwa lililofuata mwaka huo lilitafuta Sh1 bilioni, likapata takriban Sh247 milioni. Watu waliojiandikisha walikuwa wengi mno kuliko walionunua. Riba ilikuwa nzuri, simu ilikuwa mkononi, kiwango kilikuwa kidogo, ila mazoea ya kutuma pesa nyumbani hayamfundishi mtu hati fungani ni nini na itamlipa lini. Kujiandikisha ni jambo moja, kuweka pesa ni jingine, na tasnifu zinazohesabu waliojiandikisha kama watumiaji zinampotosha msomaji.

Tano: mistari miwili inayopanda pamoja si ushahidi

Hoja hii inawalenga watafiti vijana. Ni rahisi kuchukua idadi ya akaunti za pesa za simu, kuiweka kando ya bei za hisa za nishati, na kutangaza kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kalenda yenyewe inaonya. Foleni za KenGen zilikuwa 2006, mwaka mmoja kabla M-Pesa haijazinduliwa. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ilipouza hisa bilioni 10 kwa Sh5 mwaka 2008, pesa za simu zilikuwa bado changa, na waliojitokeza walikuwa mamia ya maelfu. Ari ya wananchi kununua hisa ilitangulia simu. Halafu katika miaka ambayo kila mtu alikuwa na pesa kwenye simu yake, hisa za KenGen na Kenya Power zilikuwa zikishuka.

Jack na Suri walifanyaje? Hawakuwalinganisha watumiaji na wasiotumia wakaishia hapo, kwa sababu watumiaji wa mwanzo walikuwa na pesa zaidi na elimu zaidi. Walipima jinsi mawakala walivyosogea karibu na kaya kadiri miaka ilivyokwenda, kisha wakaangalia kilichobadilika kwa kaya zilizosogelewa na zile zilizobaki mbali. Njia hiyo inaweza kutumika kwa swali la leo. Kwa mfano, tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi linamruhusu mtu kununua hata hisa moja, badala ya 100 kama zamani. Hapo kuna kabla na baada. Mtafiti anaweza kuangalia kama hisa za bei nafuu, zikiwemo za nishati, zimepata wamiliki wapya, kama wanatulia au wanauza kwa hofu bei ikiyumba, na kama misukosuko ya bei imeongezeka au imepungua. Ni kazi inayoweza kufanyika hapa, kwa takwimu za hapa.

Tuelekeako

Waheshimiwa, miaka ijayo simu itauza hisa nyingi zaidi kuliko fomu zilivyowahi kuuza. Hilo ni jema. Umeme wa Afrika Mashariki utahitaji mitaji mikubwa, na ni haki wananchi wanaoulipia kila siku wapate nafasi ya kuumiliki. Lakini yapo mambo matatu yanayopaswa kwenda sambamba na mauzo hayo.

Soko la hisa na kampuni za simu ziwafungulie watafiti takwimu zao, majina ya wateja yakiwa yameondolewa, ili maswali ya hoja ya tano yajibiwe kwa ushahidi. Wadhibiti wa masoko ya mitaji wadai kwamba kila hisa ya nishati inayouzwa kwa simu iambatane na maelezo mafupi ya Kiswahili: kampuni inauza kwa nani, mkataba wake unaisha lini, bei zake hupangwa na nani, na madeni yake ni ya fedha gani. Na vyuo viwaweke wanafunzi wa masoko ya fedha na wale wa mifumo ya habari katika semina moja, wawahoji madalali na mawakala pamoja.

Ombi la mwisho ni kwa kila aliyemo ukumbini mwenye mita ya tokeni nyumbani. Safari ijayo utakaponunua umeme, usome ujumbe wote kabla ya kuufuta, na uulize kila kato linakwenda wapi. Ukishayapata majibu, ndipo uamue kama hisa za kampuni hiyo zinafaa kuwekewa akiba yako.